Nguvu za polisi: saa ianze kuhesabiwa lini?

Asilimia 2. Hiyo ndiyo takwimu iliyotoka katika utafiti ambao serikali ya Marekani huwauliza wananchi kama wamekutana na polisi na mambo yalikwendaje. Kwa mwaka 2018, watu wapatao milioni 61.5 wenye umri wa miaka 16 na kuendelea walikutana na polisi angalau mara moja, na asilimia 2 kati yao walitishiwa au kutumiwa nguvu. Anayewatetea polisi huishika takwimu hiyo na kusema: mnaona? Watu 98 katika kila 100 walirudi nyumbani bila kuguswa. Anayewalaumu huishika takwimu ileile, akaipigia hesabu, akapata zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka mmoja. Wote wawili wamehesabu sawasawa.

Ubishi juu ya nguvu za polisi huenda hivyo karibu kila mara. Watu hugombania namba au picha za video, kumbe kinachowatenganisha ni pale kila mmoja alipoanzia kuhesabu. Ndivyo ilivyo kwenye swali la nguvu hutumika mara ngapi. Ndivyo ilivyo pia kwenye swali la kama zilistahili, na huko ndiko nitakakokaa zaidi, kwa sababu huko kuna watu wanaokufa na wengine wanaokwenda jela au kuachiwa huru.

Tuanze na hesabu. England na Wales, tangu 2017, askari hutakiwa kujaza fomu kila anapotumia nguvu, na pingu nazo zimo, hata zile alizofungwa mtu aliyenyoosha mikono mwenyewe. Matokeo yake ni matukio zaidi ya 600,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Mtu asiyejua fomu hiyo inadai nini atadhani ni nchi inayotawaliwa kwa rungu. Lakini ukitafuta humo ndani matukio ambayo polisi walimfyatulia mtu risasi, utakuta ni machache mno, kwa kawaida hayafiki 20 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo nchi inayoandika kila kitu huonekana katili kuliko nchi isiyoandika chochote. Hili si jambo la kupita nalo haraka, maana mkuu wa polisi yeyote mwenye akili za kisiasa analijua: njia rahisi kuliko zote ya kupunguza matumizi ya nguvu ni kuacha kuyarekodi.

Marekani yenyewe, pamoja na utajiri wake wa takwimu, kwa miaka mingi haikuwa na idadi ya kuaminika ya watu waliouawa na polisi wake. Baada ya kijana Michael Brown kupigwa risasi mjini Ferguson mwaka 2014, gazeti la Washington Post lilianza mwaka uliofuata kuhesabu kifo kimoja kimoja kwa kukusanya habari za magazeti na taarifa za polisi. Likapata karibu watu 1,000 wanaouawa kwa risasi za polisi kila mwaka, zaidi ya mara mbili ya wastani uliokuwa ukiripotiwa na FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu. FBI ilizindua mfumo wake mpya wa kitaifa mwaka 2019, ila idara za polisi hushiriki kwa hiari. Penginepo idadi hujulikana tu baada ya maafa. Kenya ilijua kwa undani yaliyotokea baada ya uchaguzi wa 2007 pale tume ya Jaji Philip Waki ilipoandika kwamba kati ya vifo 1,133, watu 405 walikufa kwa risasi, na sehemu kubwa ya risasi hizo zilihusishwa na polisi. Brazil huhesabu kila mwaka na hesabu yenyewe inatisha: katika miaka ya karibuni polisi wake wameua watu zaidi ya 6,000 kwa mwaka, ilhali watu wake ni pungufu sana kuliko wa Marekani.

Hata pale namba zinapokuwepo, swali la unazigawa kwa nini hubaki. Mchumi wa Harvard, Roland Fryer, alitoa mwaka 2016 utafiti uliowashangaza wengi, na yeye mwenyewe akiwemo. Kwa nguvu ndogondogo, yaani kusukumwa, kubanwa ukutani, kufungwa pingu, Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa kwenye nafasi kubwa kuliko weupe ya kutendewa hivyo, kwa zaidi ya asilimia 50. Kwa risasi, katika data alizochambua kutoka Houston, hakuona tofauti ya rangi. Watetezi wa polisi walishangilia nusu ya pili na kuisahau ya kwanza. Wapinzani wao wakafanya kinyume chake.

Jibu la maana lilitoka kwa watafiti wengine, Dean Knox na wenzake, mwaka 2020. Walisema kumbukumbu za polisi huanza pale mtu anapokuwa ameshasimamishwa. Ikiwa watu weusi husimamishwa kwa sababu hafifu, basi katika kundi la waliosimamishwa wamo wengi wasio na hatia wala hatari yoyote, ambao kwa kawaida wasingefika hatua ya kupigwa risasi. Ukigawanya waliopigwa risasi kwa kundi lililojazwa hivyo, upendeleo unafunikwa na hesabu yenyewe. Sisemi hoja hiyo imemaliza mjadala. Wanauchumi bado wanabishana. Inaonyesha tu kwamba ubaguzi, kama upo, unaweza kuwa umetendeka kabla daftari halijafunguliwa.

Sasa uhalali. Upande wa askari una hoja nzito kuliko wanaharakati wengi wanavyopenda kukiri. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City, alipima muda ambao mtu mwenye kisu huhitaji kumfikia askari ambaye bastola yake bado imo kwenye mfuko wake kiunoni. Futi 21, yaani zaidi kidogo ya mita 6, zilikimbiwa kwa takriban sekunde moja na nusu. Huo ndio muda ambao askari anatakiwa atambue hatari, achomoe silaha, alenge na kufyatua. Anayesema “angempiga mguuni” hajawahi kujaribu kulenga mguu unaokimbia. Marekani tena ni nchi ambayo bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, na mwaka 2021 pekee askari 73 waliuawa kwa makusudi wakiwa kazini. Askari anayekaribia gari usiku asijue mikono ya dereva iko wapi hana starehe ya kusubiri hadi awe na uhakika.

Kuna pia udhaifu wetu sisi watazamaji. Tukishajua kwamba kilichokuwa mkononi mwa aliyepigwa risasi kilikuwa simu, hatuwezi tena kuiona video ya tukio kama mtu asiyejua. Tunaisimamisha, tunairudisha nyuma, tunaikuza. Askari aliiona mara moja, gizani.

Hoja hiyo ndiyo iliyoingia katika sheria ya Marekani kupitia kesi ya Graham dhidi ya Connor ya mwaka 1989. Mahakama ya Juu ilisema nguvu za polisi zipimwe kwa jicho la askari mwenye busara aliyekuwa eneo la tukio, wala si kwa jicho la mtu anayetazama nyuma baada ya yote kujulikana, na kwamba askari mara nyingi hulazimika kuamua ndani ya sekunde. Maneno hayo yamenukuliwa katika kesi nyingi sana za aina hii tangu wakati huo. Wengi wanaoyanukuu hawasimulii kesi yenyewe ilihusu nini.

Ilihusu maji ya machungwa. Mwaka 1984, mjini Charlotte, Dethorne Graham, mgonjwa wa kisukari, alihisi sukari yake inashuka. Akamwomba rafiki ampeleke dukani kununua maji ya machungwa. Alipoingia akakuta foleni ndefu, akatoka mbio ili waende kwingine. Askari aliyeitwa Connor alimwona akiingia na kutoka haraka, akashuku, akalifuata gari na kulisimamisha. Rafiki akaeleza kwamba huyu ni mgonjwa. Wakaambiwa wasubiri. Graham akatoka garini, akalizunguka mara mbili, akaketi ukingoni mwa barabara na kuzirai. Askari wengine walipofika, mmoja alisema ni mlevi tu. Walimfunga pingu za kubana, wakambamiza uso kwenye boneti alipowasihi waangalie kitambulisho cha ugonjwa ndani ya pochi yake, wakakataa apewe maji ya machungwa ambayo mtu mwingine alikuwa ameyaleta. Ikaja taarifa kwamba dukani hakukutokea kitu chochote. Wakamrudisha nyumbani na mguu uliovunjika, bega lililoumia na sikio linalovuma. Kesi iliporudishwa chini isikilizwe upya kwa kipimo kipya, baraza la wazee wa mahakama likawapa polisi ushindi.

Tazama basi ni nini kilichohitaji kuamuliwa ndani ya sekunde katika kisa hicho. Mimi sikioni. Mtu alikuwa amezirai ukingoni mwa barabara, rafiki yake anaeleza, askari ni wengi, silaha hakuna. Kulikuwa na muda wa kutosha kuuliza swali moja dukani kabla ya kumfunga yeyote. Kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya sekunde ya hatari kilizaliwa katika kesi iliyokuwa na dakika tele, na tangu hapo kimezoea kuzimeza dakika hizo.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Nakubali kwamba askari ahukumiwe kwa alichokijua wakati ule. Sikubali kwamba “wakati ule” uwe sekunde ya kidole kuvuta kifyatulio na hapo tu. Sekunde hiyo karibu siku zote itamtetea askari, kwa sababu ikifika, hatari mara nyingi ni ya kweli. Swali ni nani aliyewafikisha wote wawili hapo, na kwa njia gani.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ililiona hilo mwaka 1995 katika kesi ya McCann dhidi ya Uingereza. Mwaka 1988, huko Gibraltar, eneo la Uingereza linalopakana na Hispania, wanajeshi wa SAS, kikosi maalumu cha Uingereza, waliwapiga risasi na kuwaua wanachama watatu wa IRA, kundi lenye silaha la Ireland lililopigana na Uingereza. Walikuwa wameambiwa kwamba bomu limo ndani ya gari na mshukiwa anaweza kulilipua kwa kubonyeza kitufe. Hapakuwa na bomu ndani ya gari hilo, na watatu hao hawakuwa na silaha mwilini. Mahakama ilikubali kwamba wanajeshi waliamini kwa dhati walichoambiwa, na kwa hiyo haikuwalaumu wao kwa kufyatua. Kisha, kwa kura 10 dhidi ya 9, ikaitia Uingereza hatiani: operesheni ilipangwa vibaya, washukiwa wangeweza kuzuiwa mpakani, na uwezekano kwamba taarifa za kijasusi zina makosa haukupewa nafasi. Waliokuwa na vidole kwenye kifyatulio wakaepuka lawama, mpango ukalaumiwa. Walikuwa wanajeshi, lakini sheria iliyotumika ni ileile inayowabana polisi.

Ilichukua Marekani miaka 30 zaidi kusogea upande huo. Mwezi Mei 2025 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana katika kesi ya Barnes dhidi ya Felix. Dereva kijana, Ashtian Barnes, alisimamishwa Houston mwaka 2016 kwa sababu gari lililokodishwa alilokuwa akiendesha lilidaiwa ushuru wa barabara. Gari lilipoanza kuondoka, askari aliruka na kusimama kwenye ukingo wa mlango, na sekunde mbili hivi baadaye akafyatua. Mahakama za chini zilitazama sekunde mbili hizo tu: askari ananing'inia kwenye gari linalokwenda, maisha yake yako hatarini, imekwisha. Mahakama ya Juu ikasema hapana, mazingira yote yapimwe, yakiwemo yaliyotangulia. Lakini swali gumu kuliko yote, kama askari aliyejitia hatarini mwenyewe apunguziwe utetezi wake, ililiacha bila jibu.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshatoa kipimo kikali zaidi tangu 1990, katika kanuni zilizopitishwa Havana: silaha ya moto itumike kuua kwa makusudi pale tu isipoepukika kabisa ili kuokoa uhai. Jimbo la California lilisogea karibu na hapo kwa sheria ya 2019 iliyobadili kipimo kutoka “busara” kwenda “ulazima”, na kutaka mwenendo wa askari kabla ya risasi uzingatiwe. Vyama vya polisi vilionya kwamba askari watasita na watakufa. Ni onyo la haki, na halijibiwi kwa kauli za kisheria. Linajibiwa kwa kuangalia kilichotokea pale askari walipobanwa.

Mwaka 1971 polisi wa New York waliua kwa risasi watu 93. Mwaka uliofuata idara ilitoa kanuni kali kuhusu lini askari afyatue, na kila risasi ikaanza kuchunguzwa. Mtafiti James Fyfe, aliyekuwa askari wa idara hiyohiyo, alionyesha kwamba ufyatuaji ulishuka, na askari waliojeruhiwa na kuuawa nao wakapungua. Miaka hiyo mauaji jijini yalikuwa bado juu, kwa hiyo huwezi kusema uhalifu ndio uliopungua. Kufikia miaka ya 2010 idadi ya waliouawa kwa risasi za polisi ilikuwa karibu kumi kwa mwaka, ingawa sehemu ya mteremko huo wa baadaye, kusema kweli, ni zawadi ya jiji lililotulia.

Mfano wa karibuni zaidi ni Louisville, mji wa jimbo la Kentucky, ambako askari walifundishwa mbinu za kurudi nyuma, kujikinga na kitu, kuzungumza na kununua muda, hasa kwa mtu mwenye kisu au aliyechanganyikiwa. Baadhi ya fikra hizo Wamarekani walizichota Scotland, kwa polisi ambao wengi wao hawabebi bunduki na hukabili visu hivyohivyo. Tathmini ilionyesha matukio ya nguvu yalishuka kwa asilimia 28, majeruhi wa kiraia kwa asilimia 26, na majeruhi wa polisi kwa asilimia 36. Hiyo ya mwisho ndiyo inayostahili kubandikwa ukutani katika kila kituo. Futi 21 za Tueller zilifundishwa kwa miaka mingi kama sababu ya kufyatua mapema, ilhali hesabu ileile inamwambia askari asisogee karibu hivyo tangu mwanzo.

Je, muda na umbali ni jawabu la kila kitu? Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, inakataa. Muuaji aliingia shule ya msingi, akaua watoto 19 na walimu wawili. Polisi 376 walifika, na kwa dakika 77 hawakuuvamia mlango wa darasa alimokuwa. Pale nguvu zilihitajika mara moja na kwa ukali wote, na kusubiri kuligharimu uhai. Anayezungumza kana kwamba kila nguvu ya polisi ni ovu hana la kuwaambia wazazi wale. Lakini huko nako kosa lilikuwa la uongozi: mtu aliyekuwa bado anaua alichukuliwa kama aliyejifungia tu.

Kuirudisha saa nyuma kuna makali upande wa pili pia. Dakika zilizotangulia ni za askari na za mtuhumiwa vilevile. Aliyeamriwa mara sita aweke kisu chini akakataa, aliyempiga mwenzake mbele ya askari, aliyeligeuza gari kuwaelekea, naye ana mambo ya kujibu kabla ya sekunde ile. Wapo wanaotaka saa irudi nyuma kwa polisi peke yao.

Kamera za kifuani zilitarajiwa kumaliza ugomvi huu. Rialto, mji mdogo wa California, ulizijaribu mwaka 2012, na matumizi ya nguvu yakashuka karibu nusu. Washington ilizijaribu kwa askari zaidi ya 2,000 na matokeo ya 2017 hayakuonyesha tofauti ya maana. Faida ya kamera, iwe ya askari au ya raia, naiona wazi zaidi katika kusahihisha maandishi. Taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis kuhusu George Floyd, Mei 2020, ilizungumzia mtu aliyepatwa na shida ya kiafya, goti la askari lililombana shingoni halikutajwa. Lilijulikana kwa sababu mpita njia alirekodi kwa simu.

Saa ikianza mapema, lawama nayo haibaki kwa askari wa mwisho kwenye mnyororo. Tamir Rice alikuwa na miaka 12 alipokuwa akichezea bastola ya bandia bustanini, Cleveland, Novemba 2014. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda bastola si ya kweli na huenda mwenyewe ni mtoto. Maneno hayo hayakupelekwa kwa askari waliokuwa barabarani. Gari lao lilisogea hadi karibu kabisa na mtoto, na ndani ya sekunde mbili hivi akapigwa risasi. Ukianza saa hapo mlango wa gari unapofunguka, askari alimwona mtu mwenye bastola, na baraza la mashtaka halikumfungulia kesi. Ukiianzisha kwenye ile simu, wapo angalau watu watatu wa kujibu: aliyeipokea, aliyeendesha gari na aliyefyatua. Jiji lililipa familia dola milioni 6. Aliyepokea simu alisimamishwa kazi siku 8. Dereva alisimamishwa kwa muda mfupi. Aliyefyatua alifukuzwa kazi mwaka 2017, kwa kosa la kudanganya kwenye fomu aliyojaza alipoomba ajira.